Harufu ya Mafini Kwenye Jiko Lililopoa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wa nyuma kule sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, kaeni vizuri, maana bibi yenu akishika kipaza sauti hakiachii haraka.

Mnamkumbuka binti yangu Robhi, marehemu, aliyekuwa anapika kwenye hoteli ya watalii kule Mugumu. Huko ndiko alikojifunza mafini, vile vikeki vya oti na chokoleti. Akija Nyamwaga likizo anatuokea kwenye sufuria, mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko. Vikikaribia kuiva anafunua, anabonyeza kile cha katikati kwa kidole gumba. Kikiinuka, tayari! Binti yake Bhoke anadakia cha moto, anaungua, anacheka.

Basi Robhi akafa. Tukamzika pale migombani. Bhoke akabaki kwangu, na ndugu zangu, mtoto yule alifunga mdomo! Haongei, hali. Ugali hapana, maziwa hapana, uji anatema. Gauni likawa linaning'inia kama limeanikwa. Nikajua, na huyu namzika.

Halafu ikaanza harufu. Mchana kweupe, jiko limepoa, paka kalala kwenye majivu. Mara paka anaruka anakimbia, na harufu ya mafini imejaa nyumba nzima. Chokoleti kabisa! Nikadhani nimezeeka vibaya. Lakini Bhoke naye anainua pua, anaenda jikoni, anakaa mbele ya sufuria tupu, anangoja. Ikawa kila siku. Na nikiigusa ile sufuria, Mungu wangu, ya vuguvugu!

Jirani yangu Mama Ghati akaja kuomba chumvi, akainusa ile harufu na yeye. Chumvi yangu ya mwisho niliyompa aliiangusha pale pale mlangoni!

"Robhi anampikia mwanae huko aliko," akaniambia. "Mtoto akila cha huko, harudi. Mpelekee mama yake chakula kaburini, umbembeleze amwache."

Wazee wetu walifanya hivyo, mnajua. Hata mimi niliyeokoka nikachota ugali kwenye sahani. Kufika migombani miguu ikagoma. Nikasema, Yesu, huyu nilimzaa mimi, leo nimuogope? Kama ni njaa ya mtoto inamsumbua, si nimlishe mtoto! Nikarudi na sahani yangu.

Nikafungua sanduku la Robhi. Oti ipo, chokoleti ipo, imeyeyuka ikaganda tena, nikaikata kwa panga. Mayai ya kuku wangu, unga, sukari, siagi. Kusoma pakiti sijui, nilikumbuka mikono yake tu. Nikawasha mkaa, nikaomba kwa sauti mpaka mbuzi wakanyamaza.

Ndugu zangu, vinaiva bila harufu! Moto unawaka, harufu hakuna, kama nachoma mawe. Na Bhoke haniangalii mimi, anaangalia nyuma yangu. Nywele zilinisimama! Nikapaza sauti: "Robhi, mwanangu, asante. Kwa jina la Yesu, pumzika. Sasa napika mimi."

Nikafunua. Harufu ikanipiga usoni! Na kile cha katikati kina alama ya kidole gumba. Sufuria sikuwa nimeifunua kabla, jamani! Tukaiangalia ile alama inainuka polepole, hivi, mpaka ikaisha.

Bhoke akadakia hicho hicho. Akaungua. Akatafuna. Mimi sipumui. Akanigeukia na macho ya mama yake.

"Bibi, hujaweka chumvi."

Haleluya! Chumvi yenyewe si ile aliyoimwaga Mama Ghati mlangoni! Nilicheka nikalia, nikamshika mtoto nikamnusa kichwani. Alikula kimoja, akala na kingine. Tangu siku hiyo jiko likipoa, limepoa.

Asante Yesu! Na wewe unayebeba sahani kwenda kaburini, geuka nayo. Nyumbani kuna mtu hai ana njaa. Mwamini Bwana, washa moto wako.

Mkitoka, yule binti anayepiga kelele pale mlangoni na kapu ndiye Bhoke. Chukueni kimoja kimoja. Chumvi imo.