Getruda Ernesti, Aliyekataa Kuzikwa Kama Mjane (1980–2025)

Wazee wetu, shikamooni. Baba Paroko, ndugu na majirani, poleni na msiba. Mimi ni Angel, mtoto pekee wa marehemu. Karatasi mliyoshika inasema mama alikuwa mjane. Ameiandika hivyo mjomba Denis, mdogo wake mama, na ana sababu zake. Lakini mama alituachia agizo moja: "Msinizike kama mjane. Nina mume." Kwa hiyo nitasoma alivyotaka yeye, huku nawatazama, maana baadhi ya sura zilizo chini ya turubai hili sizijui.

Marehemu Getruda Ernesti alizaliwa tarehe 9 Juni 1980 huko Hale. Baba yake, mzee Ernesti, alitoka Songea kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Mama yake ni Bibi Shida, mwenyeji wa hapahapa Kerenge, mnayemwona ameketi kwenye mkeka.

Alisoma shule ya msingi huko Hale, akamaliza mwaka 1994. Mjomba anasimulia kwamba siku moja mwalimu alimpa pipi kwa kujibu swali vizuri. Mama aliishika tu, akauliza, "Mwalimu, mbona mimi peke yangu?" Hakuila mpaka mwalimu alipokula moja mbele yake. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Sifa hiyo nimeirithi na siionei haya.

Mwaka 2001 alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, porini huko mbele ya Misima, kuuza ugali na maharage. Hapakuwa na polisi wala mwenyekiti. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, ndiye aliyekuwa serikali, na mwenye panga ndiye hakimu. Huko alikutana na Leboo Saning'o, mlinzi wa duara, kijana wa Kimasai aliyeacha ng'ombe baada ya ukame. Kwao walimnunia kwa kuacha mifugo.

Walifunga ndoa Hale tarehe 16 Agosti 2003, na upande wa bwana harusi hakuja mtu. Watu wa kwao hawali samaki, lakini wakwe walimwekea perege mzima wa mto Pangani, wakamkodolea macho. Punde sahani ikawa nyeupe, wakapiga vigelegele. Kumbe samaki alikuwa mfukoni mwa koti, na koti lenyewe la kuazima! Siri hiyo aliijua mama peke yake.

Aprili 2004, katikati ya masika, duara liliporomoka likamfukia mwenye nalo, mtu aliyeitwa Afisa ingawa hakuwa na cheo chochote. Ndugu zake wakasema Leboo aling'oa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta. Ang'oe ili iweje? Hakuna aliyeuliza. Hukumu ilitoka kabla ya maiti kutoka. Leboo na mama wakakimbia na nguo walizovaa, mama akiwa na mimba yangu. Walipofika kwenye korongo waliachana kwa makusudi, maana wawili huonekana upesi kuliko mmoja. Yeye alishika njia ya mbugani kwao, mama akaja Korogwe akijificha kwenye mashamba ya mkonge na kula mboga za porini. Mimi nilizaliwa hapa Kerenge tarehe 3 Novemba mwaka huohuo.

Mwaka uliofuata aliniacha kwa bibi, akaenda mbugani kumtafuta mumewe. Hakujitambulisha, kwa kuwa alihofu ndugu wa Afisa wameshaweka watu wao pale. Alijifanya mnunuzi wa samli. "Shikamoo mama. Namtafuta Leboo, tuna biashara naye." Bibi Naserian, mama yake Leboo, alimtazama toka kichwani hadi miguuni. Akamjibu, "Hapa jina hilo halitajwi."

Mama alizijua mila za Wamasai. Kwao aliyekufa hatajwi jina. Hakuuliza la pili. Alirudi akanyoa nywele, akalia matanga yake peke yake. Kumbe Leboo alikuwa malishoni, mzima! Bibi Naserian naye alimshuku: mwanamke mgeni, hasemi ni nani, anamuulizia mwanawe anayewindwa, angemjibu nini? Leboo alipoambiwa akasema huo ni mtego, akasogea mbali zaidi, wala hakuthubutu kumtafuta mama asije akawaongoza maadui hadi kwake. Jamani, mke, mume na mama mkwe, kila mmoja akimwona mwenzake mpelelezi.

Mama hakuolewa tena. Kila siku ya kuwaombea marehemu wote, tarehe 2 Novemba, alipeleka jina la mumewe lisomwe kanisani. Mwaka 2013 Taiyo, mdogo wake Leboo, aliyekuwa amebatizwa, alikuja Kerenge kuuza mbuzi, akaingia kusali. Akasikia kaka yake anasomwa na wafu! Aliuliza ni nani aliyelileta jina hilo, akamngoja mama mlangoni. "Shemeji, huyo mnayemwombea apumzike, juzi tu tumegombana kwa ajili ya beberu."

Mama hakushangilia, alimshuku. "Kama ni mzima, kamuulize samaki wa harusi alimfanyaje." Taiyo alikwenda, akarudi anaona haya kulisema jibu. "Eti alimtia mfukoni." Hapo mama aliketi chini barabarani akalia, na waliopita wakadhani kafiwa.

Walirudiana Januari 2014. Lakini ndugu wa Afisa walikuwa bado wanaulizauliza kwenye minada ya Korogwe, kwa hiyo mume alirudi kwa jina jingine, na mama akaendelea kuitwa mjane. Alikuwa na mume ndani na hakuthubutu kutembea naye kwenda kanisani. Hilo lilimuuma kuliko njaa ya porini.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Kila siku ya kliniki Yordani, mchunga ng'ombe wetu, alimbeba mgongoni hadi barabarani. Nanyi majirani mkasema. Mlisema mjane ana mambo na mfanyakazi wake; nilikuwepo kisimani, niliwasikia. Alifariki hospitalini, Korogwe, Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025.

Mjomba Denis alinisihi nisisome zaidi ya hapa. "Angel, watu hao huwajui. Wakimjua leo, kesho tunachimba kaburi jingine." Nikamwambia, "Mjomba, nimemuuliza baba mwenyewe. Amesema nisome." Naogopa, sitawaficha.

Marehemu ameacha mama yake, Bibi Shida. Mdogo wake, Denis. Shemeji yake, Taiyo. Na mama mkwe wake, Bibi Naserian, ambaye kuanzia leo hatalitaja jina la mama, na safari hii ni kweli. Ameacha mtoto mmoja, mimi. Na ameacha mume, Leboo Saning'o, ambaye nyinyi mnamwita Yordani.

Ndugu wa Afisa, kama mpo hapa, huyu hakuua mtu. Mtazameni vizuri, nasi tunawatazama.

Baba, toka huko nyuma kwenye kuni. Tangu niko darasa la tatu nimekuita Mzee Yordani mbele za watu. Basi, imetosha. Njoo utie udongo wa kwanza, ni haki yako.

Apumzike kwa amani, mke wa mtu.