Matrida Wankyo Luhende, Sista Aliyepatana na Kina Bibi wa Nyabisere
(1962–2025)

Matrida Wankyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji cha Busegwe, ambacho wakati huo kilikuwa wilaya ya Musoma na leo kiko Butiama. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Makongoro Wambura na marehemu mama Sara, na alibatizwa mwaka huohuo. Wazazi wake walikuwa na shamba la mtama, ng'ombe wachache, na binti asiyetosheka na jibu la "ndivyo tunavyofanyaga." Mama Sara alisema mtoto huyu angeweza kumuuliza ng'ombe kwa nini anacheua, na asingeondoka zizini mpaka ajibiwe.

Alisoma shule ya msingi Busegwe kuanzia 1970 hadi 1976, kisha sekondari mjini Musoma hadi kidato cha nne mwaka 1980. Mwaka 1984 alihitimu cheti cha uuguzi na ukunga. Wengi wangeishia hapo. Yeye, mwaka 2008, akiwa na watoto watatu na miwani ya kusomea, alifunga sanduku akaenda Mwanza kuchukua shahada. Vijana wa darasani walimwita Bibi. Aliitika vizuri tu, halafu kwenye mitihani akawapita, akawaambia, "Haya wajukuu, mnisalimie nyuma huko."

Ndoa yake ilianzia kwenye kidonda. Bwana Luhende Maige, mkulima wa pamba wa Kibara, alifika zahanati akiwa amejikata mguu kwa jembe na kupaka majivu.

"Nani alikuambia upake hii?" Matrida akauliza.

"Watu wanasemaga inasaidia, sista."

"Watu gani? Waliopona au waliokatwa mguu?"

Luhende akanyoosha mguu. Alisafishwa, akafungwa, akapona. Wiki iliyofuata alirudi bila kidonda chochote na kupanga foleni kama mgonjwa. Walifunga ndoa takatifu Kibara tarehe 25 Juni 1988, na Mungu akawajalia Nathan, Prudence na Diana. Bwana Luhende mpaka leo anasema hajawahi kushinda mabishano ndani ya nyumba ile, isipokuwa moja kuhusu bei ya pamba.

Matrida alifanya kazi katika zahanati kadhaa za Bunda, lakini kazi tunayomkumbukia ni ya kituo cha afya cha Nyabisere, kati ya Kibara na Kisorya, alikopangiwa mwaka 2012 kuongoza wodi ya wazazi. Wodi ile inatazama ziwa, na upepo unaingia bila kubisha hodi. Katika kata ile, mtoto huogeshwa kwanza na mama wa baba yake. Bibi asipomwogesha, majirani watamuuliza kama kweli amepata mjukuu. Kwa hiyo mtoto alikuwa hajamaliza kulia kilio cha kwanza, bibi yuko mlangoni na beseni.

Watoto waliozaliwa wazima walipoa. Walikataa kunyonya, wakapelekwa Bunda kwa rufaa, na baadhi hawakurudi. Kwa miaka mingi ilisemwa ni bahati mbaya. Matrida hakuamini bahati mbaya inayochagua watoto waliooga. Alipima joto kabla ya beseni na baada ya beseni, akalinganisha na yaliyothibitishwa na tafiti alizosoma Mwanza: mtoto akaushwe, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, maji yasubiri kesho. Akayapeleka kikaoni.

Mganga mfawidhi alisoma, akashusha pumzi. "Sista, hayo ni kweli. Lakini hiyo ni mila. Tutaanzia wapi?"

Alichokitaka Matrida kuanzia siku ile kilikuwa kimoja: mtoto aliyezaliwa mzima Nyabisere asife kwa baridi, yeye awepo kituoni au asiwepo.

Alianza vibaya. Alibandika tangazo ukutani kwamba ni marufuku kuogesha mtoto wodini. Familia inalitaja hili kwa sababu yeye mwenyewe alilifundisha kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake. Kina bibi walilisoma tangazo, wakawatoa wakwe zao wodini damu haijakauka, wakaenda kuogesha nyuma ya jengo, kwenye upepo zaidi. Wengine wakaamua wajukuu wazaliwe nyumbani tu.

Upande wa manesi nako kulikuwa na mambo. Wakati huo kituo kilikuwa kimepata vishikwambi vya kuingizia taarifa za wagonjwa, na kila mtoto alitakiwa kupimwa joto mara kwa mara. Matrida alifungua kimoja siku moja akakuta watoto wote wana nyuzi thelathini na sita nukta nane, na zote zimeingizwa kwa mkupuo zamu inapoisha.

"Dorkas," alimwambia nesi wa zamu, "hawa watoto wana joto moja kama soda za kreti moja. Wamezaliwa au wametengenezwa kiwandani?"

Dorkas akainama. "Sista, kipimajoto iko kabatini. Ufunguo anao Shida wa stoo, na Shida akienda kula anaendaga na ufunguo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniuliza mbona sijapima."

Hakumwandikia barua ya onyo. Alikitoa kipimajoto kabatini, akakifunga kwa kamba kwenye kitanda, na akasema mwenye kuandika namba ya uongo anamdanganya mtoto, maana yeye Matrida atastaafu tu. Namba za kweli zilipoanza kuingia zilikuwa mbaya kuliko za zamani. Alizibandika ukutani hivyohivyo, na lile tangazo akalichana.

Ndipo akafika bibi Yuliana, aliyeogopwa na wakwe wa kata nzima, na beseni lake kichwani.

"Nimefuata mjukuu wangu," akasema. "Na nasikia wewe ndiye unayezuiaga."

"Karibu, mama. Niambie kwanza, unataka maji au unataka mjukuu?"

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana, mama. Ukimwogesha hapa, nani atakuona?"

Bibi Yuliana akazungusha macho wodini. Palikuwa na Dorkas, na mama mmoja aliyelala.

"Hawa hawa."

"Manesi wawili na mtu mwenye usingizi," Matrida akasema. "Mimi ningekuwa wewe, mama, nisingepoteza heshima yangu bure namna hiyo. Leo nakupa mtoto mkononi, wewe wa kwanza. Umkaushe kwa khanga yako mwenyewe, umweke kifuani kwa mama yake, umfunge wewe. Kesho umwogeshe nyumbani, majirani wote wakiwepo."

Bibi Yuliana alilishusha beseni. Naye hakuwa mtu wa kununua bei ya kwanza. "Na wewe utakuja kushuhudia?"

"Nitakuja."

"Na usije ukasema una zamu."

Alikwenda. Alikula ugali na sato, akashuhudia mtoto akiogeshwa mbele ya watu wengi kuliko waliokuja kwenye harusi ya wazazi wake. Baada ya hapo kina bibi wengine wasingekubali kushindwa na Yuliana. Watoto wakaacha kupoa mmoja baada ya mwingine, na rufaa za baridi kwenda Bunda zikawa jambo la kuuliziana, "Hii imetokeaje?" badala ya kuzoeleka.

Alistaafu Machi 2022 akahamia nyumba yao ya Nyasura. Kustaafu hakukumpa usingizi. Alikuwa ameona miradi mingi mizuri ikifa siku mwenye nayo anapoagwa kwa keki, na aliogopa mambo ya Nyabisere yangeenda njia hiyo.

Mwishoni mwa 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa Musoma na Mwanza, na kila dawa aliyopewa aliiuliza maswali kama aliyomuuliza Luhende. Madaktari walimvumilia, wengine walimpenda.

Mwaka jana, msimu wa masika, Dorkas alikuja kumsalimia Nyasura. Sasa yeye ndiye kiongozi wa wodi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema, "Sista, nimebadilisha kitu chako."

"Kitu gani?"

"Khanga ya bibi. Watoto wa masika walianza kupoa tena. Tukaangalia kwenye mfumo, tukafuatilia. Khanga zinakuja na unyevu kutoka nyumbani. Sasa tunakausha kwanza kwa taulo ya wodi iliyopashwa joto, ndipo bibi anamfunga."

Matrida aliinuka kwenye mto. "Dorkas! Yale mapatano nilihangaika nayo! Umeniharibia kwa Yuliana!"

"Yuliana amekubali."

"Amekubali bure?"

"Anataka taulo ishikwe na yeye, siyo nesi."

Matrida akadai namba, za kabla na za baada, mwezi kwa mwezi. Dorkas alikuwa amekuja nazo. Alizisoma polepole, akarudisha miwani mezani.

"Wala hukuniuliza," akasema.

"Hapana, sista."

"Vizuri." Akamgeukia Bwana Luhende. "Baba Nathan, mpe huyu mtoto chai. Mimi nimemaliza kazi."

Waliokuwepo wanasema tangu siku hiyo alilala bila kuamka usiku.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Februari. Alifariki katika hospitali mjini Musoma asubuhi ya Jumanne tarehe 4 Machi 2025, akiwa amepokea sakramenti ya wagonjwa, mume wake na Prudence wakiwa pembeni. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, jumuiya ya Nyasura, na kina bibi wa Nyabisere waliojaza lori zima kuja kumzika hapa Kibara.

Ameacha mume, Bwana Luhende Maige. Watoto Nathan, Prudence na Diana. Wakwe na wajukuu. Kaka yake Baltazari na mdogo wake Dotto. Na watoto wengi wa ukanda wa ziwa ambao hawajui jina lake, na yeye hakuwahi kudai walijue.

Bwana ampokee na kumpa pumziko la amani. Lala, mama Nathan. Wodi ina watu.