Chumba cha Nyuma Kisipangishwe

Sogeeni karibu, wanangu, na huyo aliyesimama mlangoni aingie, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kumfuata mtu uani. Muuguzi wangu, mwanangu wa kwanza, niinulie mto kidogo. Hivyo hivyo. Nimewasikia mkibishana jikoni, mkidhani aliyeugua mwili ameugua na masikio: wewe seremala unataka chumba cha nyuma kitolewe magunia, kipakwe rangi, apangishwe muuza simu, na wewe kitinda mimba wangu unasema mama amezeeka na hofu ya njaa isiyokuwapo. Hamjui chumba kile kilituvusha wapi, na mimi sitaki kuondoka nikiwaachia nyumba msiyoijua.

Mwaka ule mto ulipobomoa daraja, wewe seremala ulikuwa unajifunza kutembea kwa kushika meza, na mdogo wako alikuwa tumboni. Mjomba wenu, ndugu yangu wa tumbo moja, yule waliyemwita Mizani kwa sababu hakuona kitu asikitie bei, alikuwa ameniomba nimhifadhie mahindi na maharage yake ya biashara katika chumba kile, nami nikakubali, kwani damu nzito kuliko maji. Sokoni unga uliisha kabla watu hawajaamini kwamba daraja halipo. Tukasema, haidhuru, ghala la mtaa lipo, ndiyo kazi yake. Mwenyekiti akaja na funguo, watu wamejipanga na ndoo na mifuko, akafungua, na harufu iliyotoka mle ndani, wanangu, ilimfanya mwanamke aliyekuwa mbele yangu akae chini palepale kwenye matope. Paa lilikuwa likivuja misimu na misimu. Magunia yamelazwa sakafuni, yameegemezwa ukutani, yameota ukungu mweusi, na hakuna aliyewahi kuingia kuyageuza, kwa sababu kila mtu aliamini yuko mwingine anayeyaangalia. Mali ya wote ikakosa mwenyewe.

Baba yenu, Mungu amrehemu, akataka tupike tumefunga madirisha. Nilikuwa bado nabishana naye habari ikafika kwamba mshonaji wa nyumba ya tatu, yule bibi aliyeishi peke yake na cherehani yake, amekutwa amekufa. Nilikwenda kumwosha. Nyumba imefagiliwa, sufuria imesuguliwa na kufunikwa kifudifudi, na ndani ya kabati hamna hata chumvi. Hakuwa amebisha hodi kwa mtu yeyote. Aibu ilimshika mkono hadi njaa ikamaliza kazi yake. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba yenu, "Leo nafungua."

Maneno yana miguu. Kabla sijavua kanga iliyolowa, ua ulikuwa umejaa watu, na vijana wengine wameshika vyuma, na Mizani naye amefika mbio, amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, mikono ameitandaza kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Dada, subiri kidogo tu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Bei ikipanda, wewe na wanao hamtaijua shida tena."

"Itapanda anunue nani, mdogo wangu? Maiti?"

"Ukifungua mlango huu, basi mimi na wewe hatukunyonya titi moja."

Nyuma yangu mtu alikuwa ameshaokota jiwe. Niliona yule kijana anavyopumua, nikajua tukibaki hapo kidogo tu ndugu yangu atakufa mlangoni pangu na chakula kitakanyagwa kisiliwe. Nikapita chini ya mkono wa Mizani na tumbo langu hilo kubwa, naye, kwa hasira zake zote, hakuweza kunisukuma. Nikafungua. Kisha nikawageukia watu: "Hapa hagawiwi mtu nafaka mbichi, maana gunia humfuata mwenye misuli. Wenye masufuria makubwa walete, tupike hapa uani kila mtu akiona. Watoto, wagonjwa na wazee kwanza. Na wewe mwenye jiwe, lilete, tumepungukiwa figa moja." Watu wakacheka, wanangu, cheko la watu wenye njaa, na yule kijana akaliweka lile jiwe chini, akachochea moto mwenyewe.

Tulikula uji mwepesi, lakini tulikula, mpaka mashua za jeshi zikaleta unga, na mtaa wetu haukuzika tena mtu kwa njaa. Mavuno yalipofika tulichanga, tukarudisha magunia yote hadi langoni kwa Mizani. Akayaacha yanyeshewe. Toka siku hiyo watoto wake wanapishana nanyi barabarani kama ukuta na ukuta.

Sasa shikeni. Nyumba ni yenu watatu, isiuzwe, na ufunguo wa chumba cha nyuma anao dada yenu. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta; kuleni ya zamani, wekeni mapya, na msisahau chumvi, mafuta, kuni na maji safi. Seremala, wewe uko kwenye kamati ya ghala la mtaa: panda paa lile kabla ya mvua, na magunia yafunguliwe mbele ya watu, wayanuse. Kitinda mimba, kazi yako ni miguu; shida ikiingia, nenda kwa wale wasiobisha hodi. Na siku ya kunizika msiwalishe waombolezaji akiba. Anayenipenda aje na kibaba chake.

Maji… kidogo. Ahsante, mama.

Mungu awape mikono isiyofumba. Awape… usingizi wa mtu ambaye jirani yake ameshiba. Msigombane. Nawaombeni, msigombane.

Mizani bado yu hai. Nendeni wote watatu, sasa hivi, mkamwite. Msimwambie nakufa, atadhani tunamtega. Mwambieni tu… dada yako anauliza… kama umekula.