Picha ya Kujazia Habari

Nikielekea darasa la jioni, nilimsikia mama mshonaji ndani ya basi akimbana mhariri wa kituo cha televisheni cha mji wetu.

"Baba, kila mkitangaza matapeli mnanionyesha mimi nikivuka barabara. Jumamosi wanakuja watu kumposa binti yangu, na taarifa yenu wanaitazama."

"Jina lako hatujalitaja, mama," alijibu kwa sauti ya kusomea habari. "Ni picha ya kujazia tu. Kuifuta, mpaka shirika letu kule makao makuu liruhusu."

"Wageni nao niwaambie najazia?"

Mhariri alifikiri kwa huruma. "Naweza kuihamishia kwenye habari nyingine. Ijumaa tuna ya wajane."

"Mume wangu yu hai."

"Naye hatutamtaja."

Basi liliposimama walishuka wakibishana. Niliwaombea wote wawili, na yule mume zaidi.