Darasa Lililobaki Somo la Tisa

Vuteni viti mkae, nisije nikasema na migongo yenu. Dobri, hiyo simu izime au kaizike uani. Tsonka, acha kunifunika, nimefunikwa vya kutosha, na wiki ijayo nitafunikwa zaidi. Neda, mjukuu wangu, wewe njoo upande huu wa sikio zima, kwa maana haya yanakuhusu wewe kuliko mama yako na mjomba wako, ingawa nao yatawachoma, na mama yako yatamchoma zaidi.

Mimi Velika, binti wa Stoyan mwashi, nasema nikiwa na akili zangu. Msicheke. Najua asubuhi nilimwita kasisi kwa jina la mbuzi wetu, lakini hata mbuzi hakukasirika. Akili ninayo, ila inaingia na kutoka kama mtu anayetafuta miwani, kwa hiyo nikipotea njiani nisubirini, msinisaidie kwa maneno yenu, mtanipoteza zaidi.

Naanza na mali, kwa sababu Dobri hawezi kusikiliza jingine kabla hajasikia hilo. Shamba la mizabibu ni lako, Dobri, yaani ile mizabibu uliyoibakiza hai. Mbuzi wote wanne na cherehani ni vya Tsonka. Nyumba hii, na bustani yake, na pipa la kabichi la chini, na mti wa mjozi wa nyuma, ni vya Neda. Tulia, Dobri. Nimekusikia, umesema nyumba huachiwa mwana wa kiume, na hata baba yako angesema hivyo hivyo, na yeye naye hakuwa akimaliza kusikiliza. Nitakwambia kwa nini. Usipoelewa usione haya, mimi mwenyewe sijaelewa yote.

Mnajua, au kama hamjui basi jueni, kwamba Jumatatu huyu binti anatakiwa na mwalimu wake mkuu huko mjini asaini karatasi ya kukiri kosa. Akisaini, anabaki na kazi. Asiposaini, anafungasha. Kosa lake ni kwamba darasa la tano la wenzake limefika somo la arobaini, lake analolifundisha liko la ishirini na sita, kwa sababu kila asubuhi kabla ya kufungua jipya anawafungisha watoto vitabu na kuwauliza ya wiki iliyopita, na ya mwezi uliopita, na ya kabla ya theluji, na asipopata jibu anarudi nyuma. Jana alikuja akanishika mkono, akasema, "Bibi, wewe ulikaa shuleni miaka thelathini na moja. Niambie kama nimekosea."

Kukaa nilikaa. Nilikaa na jiko. Shule yangu mwenyewe ilikuwa majira mawili ya baridi, ya tatu wakaniweka kuchunga mbuzi. Nilipoingia shuleni tena nilikuwa na miaka thelathini, na nilikuwa na koleo la makaa mkononi, mhudumu wa kuwasha moto, kufuta ubao kwa kitambaa cha maji na kumwaga majivu. Jiko lilikuwa nyuma ya darasa, na ukiliacha peke yake linazima, kwa hiyo nilikaa hapo kwenye kigoda, na hakuna aliyeniona, kama vile jiko halionwi.

Sasa, mwaka ule… mwaka gani ule? Mwaka ambao paa la kanisa lilianguka. Hapana, lilianguka kabla. Basi mwaka wowote. Tsonka alikuwa na miaka kumi. Akaletwa mwalimu wa hesabu kutoka Odesa, Arkadi jina lake, sisi tukamwita Mrusi, mrefu, ana kikohozi, amepangiwa chumba juu ya duka la ushirika, hana mke wala jamaa wa kumwambia kitu. Kibulgaria alikisema vizuri, cha kitabuni. Alifundisha sehemu, nusu na theluthi, akaandika ubaoni, akageuka, akauliza kama wameelewa. Watoto wakapeleka vichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, darasa zima. Sisi hapa hivyo ndivyo tunavyosema ndiyo. Kwao Odesa ni hapana. Maskini, akashusha pumzi, akafuta ubao, akaanza upya.

Kesho yake vivyo hivyo. Keshokutwa akamwita mmoja mmoja ubaoni, akaona wanapata, akadhani wamekariri mfano wake, basi akabadilisha namba. Akauliza. Vichwa vikaenda kushoto na kulia. Akaleta tufaha, akalikata, akalila mwenyewe kwa hasira. Akasogea mbele masomo mawili, akauliza, vichwa vile vile, akarudi nyuma. Akaacha wiki ipite, akawashtukiza na somo la kwanza bila kitabu. Watoto hawakumbishia, mwalimu habishiwi, na walifurahi kwamba hawapewi mapya.

Mimi nilijua siku ya tatu. Nilikuwa nimemwona mjumbe mmoja wa Kirusi kwenye ushirika akifanya kichwa kile kile alipokataa supu. Nilijua, na neno moja lingetosha. Sikulisema.

Sikilizeni kwa nini, na hapa Tsonka acha tena hilo blanketi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa najifunza. Siku za kwanza nilikaa pale na makaa yangu nikitazama ubao, nikaona najua kila kitu, nusu na theluthi, rahisi kama kumenya kitunguu. Akifuta tu, na kichwani mwangu kunafutika. Nafika nyumbani najaribu, sina kitu. Mara ya tano alipoufuta, nikajikuta nachimba, natafuta, na nikakipata kibaya, na kesho yake nikakipata nusu, na siku moja nikiwa namwaga majivu nikajua kwamba nusu na theluthi ni sehemu tano za sita, na nikajua kwa nini, na hakuna aliyeniambia siku hiyo. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nililia kwenye majivu, halafu nikaenda kupasua kuni. Nani angenipa tena mwalimu anayerudia? Nikasema moyoni, na aendelee.

Yeye mwenyewe alinijia. Alikuja kupasha mikono moto, akaniuliza kwa sauti ya chini, watoto wasisikie, "Dada Velika, nakosea wapi? Mbona hawanielewi?"

Nikamjibu, "Endelea tu, mwalimu. Wataelewa."

Hilo ndilo limenikaa kooni miaka yote hii. Si kunyamaza. Hilo jibu.

Ngojeni. Nimefika wapi? Maji. Si hayo, ya baridi.

Mkaguzi. Mwezi wa tatu akaja mkaguzi, mtu wa huku huku, akakuta darasa liko somo la tisa wakati vijiji vingine viko la thelathini. Akawauliza watoto kama sehemu wamezielewa, vichwa vikaenda kushoto na kulia, mkaguzi akaridhika akaandika, na Arkadi akamwona ameridhika, akachanganyikiwa. Akauliza darasa kwa nini miezi yote wamekuwa wakimwambia hapana. Aliyesimama ni wewe, Tsonka, na misuko yako miwili. Ulisema, "Hatujawahi kusema hapana, mwalimu." Unakumbuka? Halafu hakuwatazama ninyi, alitazama jiko. Alinitazama mimi. Wiki ile ile wakamwondoa kwa kuchelewesha darasa, na siku alipopanda basi na sanduku lake mimi nilikuwa nimejifungia banda la kuni, nahesabu magogo ambayo nilikuwa nimeyahesabu tayari.

Sasa, Neda, ulitaka nikwambie kama umekosea. Sikiliza mkanganyiko wangu.

Mjomba wako Dobri alisoma masomo hayo hayo mwaka mmoja kabla, kwa mwalimu Penka, ambaye aliuliza kama wameelewa, akaona vichwa, akaenda mbele, akamaliza kitabu chote. Dobri alipata sita, alama ya juu, karatasi iko hapo kwenye droo na imepambwa. Mwaka juzi alichanganya ile dawa ya bluu ya mizabibu na chokaa, akakosea theluthi na nusu, akazichoma safu kumi na moja. Usinune, mwanangu, majani yalikuwa yakilia, si mimi. Mama yako alipata nne, na mpaka leo anapiga hesabu ya kitambaa cha mapazia kichwani bila kalamu. Hapo ungesema basi, Arkadi alishinda. Mimi nami nilisema hivyo, nikatulia miaka kadhaa.

Lakini Gospodin, yule wa kinu cha unga, alikuwa darasa lile lile, alirudiwa mara zile zile, na akatoka mtupu kama ndoo. Na baada ya Arkadi akaja mwingine aliyependa kurudia, aliwasomesha ukurasa mmoja kwa sauti ya pamoja mwaka mzima mpaka mimi pale kwenye jiko nikauota, na mwezi wa tisa hakuna aliyekumbuka hata kichwa chake. Basi si kurudia tu. Labda ni ule ubao kufutwa. Labda ni kuachwa wiki ipite mpaka kitu kianze kupotea, halafu uambiwe ukitafute. Labda ni kwamba aliwatazama kila siku kama watu ambao bado hawajui, na Penka aliwatazama kama waliokwisha jua. Nalishika jambo hili, linaponyoka. Nimelishika tena leo asubuhi na likanichanganya na kasisi na mbuzi.

Na kuna hili, nililoogopa. Darasa lile lilibaki nyuma. Maumbo na pembe hayakufundishwa kabisa. Tsonka, ulipokwenda mjini kufanya mtihani wa kuingia shule ya wauza dawa, walikuuliza pembetatu, na wewe pembetatu hukuwahi kuiona ubaoni. Ulirudi ukasema wewe ni mjinga, ukaenda kiwanda cha soksi miaka ishirini na sita. Miaka yote hiyo umemlaani yule Mrusi mbele yangu, na mimi nikakupakulia chakula. Hukuwa mjinga. Yeye naye hakuwa mbaya. Ni mimi mama yako niliyetaka kujua theluthi.

Usiende dirishani. Basi nenda. Simama huko, sikio unalo.

Kwa hiyo sijui, Neda. Ukirudi nyuma, wanakumbuka, na pembetatu zinabaki kwenye kitabu. Ukienda mbele, unamaliza kitabu, na kinabaki kitabu. Mwalimu mkuu wako si shetani, anaogopa pembetatu. Sina jibu, na bibi mwingine angejifanya analo kwa kuwa yuko kitandani. Nilicho nacho ni nyumba. Nimekuona, ulikuwa umeshaishika kalamu, na haikuwa kwa sababu umeamini umekosea, ilikuwa kwa sababu ya kodi ya chumba. Njaa isikusainie. Ukiona umekosea, saini, na uende ukurasa kwa ukurasa, na nyumba ni yako bado. Ukiona hujakosea, rudi hapa ule kabichi mpaka wapatikane wanaotaka mwalimu. Ila ujibu wewe. Mimi nilimjibu mtu kwa faida yangu mwenyewe, na alipanda basi.

Nani amesema? Tsonka, umesema nini? Sema ukitazama huku, dirisha halina masikio.

"Nimesema asisaini, mama."

Mara moja zaidi.

"Asisaini. Afundishe na pembetatu, atafute muda. Lakini asisaini."

Haya. Neda, umesikia aliyelipa kuliko wote. Mimi bado sijui, lakini yeye… yeye ana haki ya kujua kuliko mimi.

Sasa yaliyobaki ni mafupi, na pumzi… nayo ni fupi. Kwenye tangazo la kifo changu la kubandika mlangoni msiweke ile picha ya kitambaa kichwani, nina uso wa mtu aliyeuma limau. Ngano ya kunikumbukia siku ya arobaini ichemsheni mpaka ipasuke, ile ya baba yenu ilikuwa mbichi. Dobri, mpandie dada yako mizabibu michanga upande wa jua, na dawa… atachanganya yeye. Kasisi mwombeni radhi. Mbuzi pia.

Jumatatu Tsonka aende na Neda. Vaa kanzu nzuri. Msipige kelele huko ofisini, kaeni tu, mmoja huku, mmoja huku.

Mungu awape… awape usingizi mzuri, na vichwa vyenu awaachie. Tsonka. Njoo toka dirishani. Blanketi… sasa nifunike. Nina baridi. Si… si kwa ajili ya… ndiyo, hivyo. Mkono wako uache hapo hapo.