Nyota za AC ya Mwaro

Saa tisa mchana Garsen haina rafiki. Lami inalainika, mbuzi wanagombania kivuli cha lori lililoegeshwa, na mtu mwenye akili yuko kwenye benchi la Nuriya muuza kahawa. Siku hiyo tulikuwa watatu wa kila siku: Awadh wa Kipini, fundi wa friji, tunayemwita Baridi; Godana, mfuga ng'ombe anayejua siri za serikali zote, ndiyo maana akaitwa Waziri, na mimi Kaviha, wa bodaboda, jina langu Breki kwa sababu sina. Ng'ambo ya barabara inang'aa gesti mpya ya Mwaro, vyumba vinane, kioo juu mpaka chini, uso wake magharibi. Mwaro aliendesha lori miaka kumi na tisa, akaliacha, akajenga. Jumatatu angepokea wageni wa kwanza, walimu wa semina.

Akavuka barabara akaja kuketi kama gunia limetupwa.

— Mkaguzi wa majengo amekataa kutia sahihi.

Nuriya akammiminia kahawa bila kuulizwa.

— Kasemaje?

— Aliweka kiganja kwenye kioo, akakitoa kama ameshika sufuria. Eti jengo litakula stima bure. Kuna kanuni. Kabla ya AC niweke kivuli madirishani, nizibe mianya, dari niikinge na joto. Na AC nilizonunua zina nyota moja tu.

Waziri akatikisa kichwa.

— Pole, ndugu yangu. Basi wewe hapana kuwa hoteli ya nyota tano.

— Hizo ni nyota za mashine, Waziri! Baridi akaruka. Nyota nyingi, stima kidogo.

— Mimi naelewa. Ni kama chapa ya ng'ombe. AC ikipotea, serikali inajua ni ya nani.

— AC itapotelea wapi? Malishoni?

Tukacheka. Mwaro hakucheka. Nikaona nimsaidie.

— Buda, hiyo ya mianya usijali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ukuta unao tayari. Ufa wa nini tena?

— Breki, nyamaza unywe kahawa, akasema Nuriya.

— Na amesema wageni wasishushe AC chini ya digrii ishirini na nne, Mwaro akaongeza.

Hapo Waziri akasogea mbele na kupunguza sauti.

— Sasa nimejua. Baridi yote ya nchi iko moja. Sisi tukivuta hapa, kule Nairobi watu wanatoa jasho. Ndiyo wanatupimia.

— Nairobi wanavaa makoti, Waziri!

— Wanavaa kwa sababu wanavuta ya kwetu!

Baridi mwenyewe, ambaye tulimtegemea kwa elimu, akakohoa.

— Mwaro, sikiliza fundi. Ulinunua nane? Funga kumi na sita. Mbili kila chumba. Penye wengi hapaharibiki neno. Jua litashindwa lenyewe.

Mwaro alimtazama kwa matumaini ya mgonjwa. Tungefika AC thelathini na mbili, lakini mwanamke mmoja alishuka kwenye gari la Tarasaa na kapu la mihogo kichwani. Alikuwa Kanze, shangazi yake Mwaro, aliyemlea. Amekuja kusaidia kupika siku za semina.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjika? Ngoja niweke kapu ndani.

Akaingia gesti. Hata kikombe hakijapoa, akarudi kwetu, leso imelowa shingoni.

— Mwaro, nimezunguka vyumba vyote vinane, akasema. Madirisha yanafunguliwa upande gani?

Baridi akatazama kikombe chake. Waziri akatazama mbuzi. Mimi nikakumbuka nina abiria, ingawa sikuwa naye.

Mwaro akavuka barabara peke yake. Tulimwona akipapasa kioo pembeni, juu, chini, akitafuta komeo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuliweka. Kisha akasimama tu pale, kivuli chake kimefika mlangoni. Miezi kumi na minne alijenga, na sisi tulikaa hapa tukimsifia kioo.

Aliporudi alikuwa na simu sikioni.

— Mwalimu, semina naomba isubiri wiki tatu. Hapana, si mashine. Wageni wangu lazima waweze kupumua stima ikipotea. Nakata madirisha.

Akamaliza, akaketi karibu na shangazi yake. Kanze akampangusa jasho kwa pembe ya leso, mbele ya watu wote, na Mwaro na mvi zake akamwachia.

Waziri akanyoosha kikombe. Nuriya akainamisha birika. Yakatoka masimbi ya kahawa tu.