Mkanda wa Polisi

Tangu matatu iondoke Kitale, Suad hakutulia kitini. Kesho binti yake angepanda ndege kwa mara ya kwanza.

"Ndege ikizima huko juu, mtu anashukia wapi?" alimwuliza jirani yake, mwenye duka aliyejiita Pankaj.

"Mama, ndege ni salama kuliko hii barabara."

"Ati kuliko hii? Si hapa niko chini?"

Karibu na Bungoma dereva akasema, "Polisi mbele." Abiria wote wakavuta mikanda ya viti, wakaishikilia kifuani bila kuifunga. Walipopita kizuizi wakaanza kuiachia, Pankaj akiwa wa kwanza.

"Kwa ndege huwezi kushikilia tu hivi," akasema. "Lazima ufunge."

"Na huyu binti yangu hajui kufunga," Suad akasema polepole. "Mimi nimemfundisha kushikilia."

Gari likasimama stendi ya Bungoma, abiria wakaanza kushuka. Mkanda wake Suad alikuwa bado hajauachia.